Miche ya Watu Kumi na Wawili

Hesabu nilijifunza peke yangu, nyumbani Kumsenga, kwa kitabu cha kuazima. Nakiri, nilipenda hivyo kwa sababu hakuna aliyeniona nikikosea.

Mwaka jana kikundi cha akina mama kililetewa miche kutoka Kasulu: themanini na nne ya kahawa na sitini ya parachichi. Walikuwa na sharti moja: kila mwanachama apate sawa na mwenzake, na usibaki hata mche mmoja, maana mabaki ya msimu uliopita yaliwagombanisha. Wanachama walikuwa kumi, na kwa kumi miche minne ya kahawa ingebaki. Majirani wawili waliozaliwa katika kambi ya wakimbizi walisimama uani, wakingoja kuambiwa kama wana nafasi.

"Mwanangu atawapigia hesabu miche igawanywe kwa watu wangapi," mama yangu, mmoja wao, akasema.

Nikaokota kijiti, nikaandika chini. Nikazivunja namba zote mbili mpaka zikabaki namba tasa, ambazo hazivunjiki tena: 84 ikatoa 2, 2, 3 na 7, 60 ikatoa 2, 2, 3 na 5. Kisha hofu ikaniharakisha. Nikatafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili.

"Watu mia nne na ishirini," nikasema.

"Yesu wangu!" mwenyekiti akapiga makofi. "Huyu ameandikisha kata nzima ya Kitahana!"

"Basi tugawane majani," mwingine akadakia. Wakacheka hadi kushika mbavu.

Masikio yaliniwaka, nikatamani kukimbia. Lakini wale wawili wa uani hawakucheka. Mmoja akasema taratibu, "Rudia, mdogo wangu. Sisi tunangoja."

Nikarudia kwa sauti, nikiwaonyesha nilipokosea. Swali lilitaka kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili bila baki: nichukue zile tu zilizopo pande zote mbili, yaani 2, 2 na 3, nizizidishe. Kumi na mbili. Kila mtu miche saba ya kahawa, mitano ya parachichi.

Mwenyekiti akawahesabu wenzake kwa kidole. Alipofika kumi, akakielekeza uani. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Nanyi mmesimama nini huko? Njooni!"

Hata hivyo hawakuniamini hivihivi. Walipanga miche mafungu kumi na mawili, nami nikasimama pale nikihesabu nao mpaka mche wa mwisho ulipowekwa. Haukubaki hata mmoja.

"Jumamosi uje utufundishe huko kuvunjavunja," mwenyekiti akaniambia. "Ukikosea, tutacheka tena."

Nikasema nitakuja, kabla sijapata muda wa kuogopa.