Kichwa Nilichomnyima Koko

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Shule niliachia darasa la nane, na kalamu mkononi mwangu hutembea kama kobe. Mtanicheka pia nikisema "enzi zetu" na bado naitwa kijana. Lakini nyinyi tuliosoma pamoja katekisimu Kitengela mnajua kwamba enzi zetu ziliisha siku ploti zilipozungushiwa waya.

Kabla ya waya, punda milia walikula nyasi pamoja na mbuzi wetu. Jumamosi tuliruka blada, ile kamba ya mpira, nje ya kanisa la mabati, na mvua ikinyesha udongo mweusi ulitushika miguuni mpaka tukawa na viatu ambavyo wazazi hawakununua. Nyumbani kulikuwa na maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na kulikuwa na Koko, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake Baba. Kwetu Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anakigusa. Mkono wa Koko ulikuwa mkavu na mzito. Ukishaguswa nao asubuhi, ulijua siku imeanza.

Nikiwa darasa la tano Koko aliugua kifua, akalala hoi. Mama akanituma: "Ukifika katekisimu, mwambie katekista Koko anaomba padre aje na mafuta. Na usicheze njiani!"

Sikumwambia. Sisi watoto tulikuwa tumeona mambo. Padre alikuja na mafuta kwa mzee jirani, tukazika. Akaja kwa mama wa duka, tukazika. Nikaona kwamba padre asipofika, Koko hatakufa. Nikarudi nyumbani nikasema, "Padre amesafiri Kajiado."

Koko aliamini. Kila asubuhi alivalishwa shanga zake, akamwomba Mama atandike kitambaa cheupe juu ya kigoda na kuweka mshumaa, padre asije akakuta nyumba haiko tayari. Kisha ananiuliza mimi, "Amerudi?" Nami najibu bado. Wiki nzima. Kitambaa kilifuliwa mara mbili.

Jumamosi iliyofuata katekista aliuliza Mpako wa Wagonjwa ni wa nini. Mimi, nisiyeinua mkono hata siku moja, nikasema, "Ni wa kuzikwa." Wote wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Basi ungojee wako!"

Katekista hakucheka. "Huo ni wa walio hai," alisema. "Mgonjwa anatiwa nguvu, anasamehewa dhambi, na Mungu akipenda, anapona."

Nikaanza kulia. "Koko anataka padre."

"Ulitumwa lini?"

"Leo." Huo ukawa uongo wa pili.

Padre alifika mchana huohuo. Alimwekea Koko mikono kichwani, kimya, halafu akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Koko aliinamisha kichwa chake kama mtoto. Baada ya siku chache alimaliza kikombe cha uji, na kabla ya mwezi kuisha akawa anaota jua mlangoni. Dawa za hospitali alikuwa anameza pia. Yeye mwenyewe alisema Mungu na daktari hawagombani.

Alipopata nguvu alipeleka kibuyu cha maziwa kwenye matoleo, kutoa shukrani. Baada ya matangazo akasimama, akanivuta kando yake. "Huyu mtoto ndiye aliyeniletea padre. Mpigieni makofi ya kilo!" Kanisa zima likanipigia, na ule mkono ukanikalia kichwani. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo nikaanza kuukwepa mkono huo. Nilimwamkia Koko nikiwa mbali, nimebeba ndoo, au najifanya nimechelewa shule. Kwenye kitubio changu cha kwanza nilisema nimeiba sukari na kumpiga ndugu yangu. Lile lingine nikalimeza, nikapokea Komunyo nikiwa nalo.

Nilikaa nalo mpaka Kwaresima ya mwaka huu, nilipoungama. Pasaka nikaenda Kajiado, ambako Koko anaishi kwa shangazi. Macho yake yamekwisha. Wajukuu wadogo walikuwa wanamsalimu kwa ngumi, "Koko, gota!" naye anagonga akicheka. Nilitaka kuwacheka watoto wa siku hizi, wasiojua hata kuinamisha kichwa. Kisha nikakumbuka kichwa changu.

Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

"Hilo la padre nililijua siku ileile," alisema. "Nilimuuliza habari za safari, akaniambia hajaenda mahali popote. Lakini ulimleta. Sikukushukuru bure. Ni hiki kichwa chako ambacho sikukielewa. Miaka hii yote nilifikiri mkono wangu unakunukia ng'ombe."

Nikainama. Mkono ukatafuta hewani kidogo, kisha ukanipata. Siku hizi ni mwepesi.

Sasa kanisa letu ni la mawe, na pale tulipokuwa tunaruka blada watu wanaegesha magari. Zamani kila mlango ulikuwa na mkono unaokungoja. Mimi nilikuwa nao nyumbani, nikaukimbia.

Tafadhali niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama huu. Lakini kama Koko wako bado yuko hai, nenda kamwamkie kwanza. Barua yako nitaingoja.