Nguruwe wa Pelagia Waliokula Sangara

Pelagia aliolewa Mugango mwaka mmoja na mimi, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mambo yake mengi niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe tukichambua dagaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, asiye na hofu. Mimi nilikuwa na hofu ya kututosha wote wawili.

Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Silasi, na ng'ombe saba. Ng'ombe hawakukaa. Ilikuwa ile miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni, na josho letu lilikaukiwa dawa. Kupe wakajaa, ndigana ikaingia, na kufikia mwaka themanini na tatu zizi la Pelagia lilibaki na ng'ombe wawili. Alilia wiki moja. Wiki iliyofuata alikwenda kwa masista wa misheni, akarudi na kitoto cha nguruwe jike ndani ya kikapu, kimefunikwa kanga, kinapiga kelele njia nzima.

"Hii haihitaji josho," aliniambia. "Na inakulaga kila kitu."

Nilimwuliza itakuwaje ikikua ikafukua mihogo ya watu. Nikamwuliza itakuwaje ikiuma mtoto.

"Mama Stani," akasema, "wewe hata jua likichomoza unaliuliza linakwenda wapi."

Banda alilijenga mwenyewe. Chakula hakikuwa taabu, maana sangara walikuwa wameanza kujaa ziwani, wengine wakubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na wavuvi walikuwa wakitupa vichwa na matumbo pale pale mwaloni. Kila asubuhi mitumbwi ilipofika, Pelagia alishuka na ndoo mbili, akapanda nazo zimejaa. Nguruwe yule alinenepa upesi, akazaa tisa, kisha akazaa tena. Waliomcheka wakaanza kuja na vikapu kuomba mbegu. Siku alipochinja wa kwanza tulikula majirani wote, tukasema nyama kama hii hatujawahi kuila.

Mwaka themanini na saba Silasi alipata mchumba, Nyamburi, binti wa Nyasura kule Bunda. Baba yake, mzee Wanzagi, alitaka ng'ombe sita. Wale wawili wa Pelagia walikuwa wamezaa na kufika watano. Alipungukiwa na mmoja. Tulikwenda pamoja Nyasura, na Pelagia akamwomba mzee apokee nguruwe wanne mahali pa ng'ombe wa sita.

Mzee Wanzagi hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Mama, nguruwe tunakulaga, sikatai. Lakini nguruwe sio mali. Ndugu zangu wakiniuliza binti yetu ametolewa nini, mimi nitajibu nini?"

"Na nikileta huyo wa sita?" Pelagia akauliza.

"Lete kabla ya Kwaresima, tufunge ndoa. Ikipita hapo sitaki kukudanganya, kuna mwalimu mmoja wa shule kule Butiama naye ameshapiga hodi hapa."

Nilimwona Nyamburi amesimama nyuma ya mlango wa jiko, ameshika kata tupu. Silasi naye alikuwa akitazama viatu vyake. Lakini Pelagia aliaga kwa furaha, kwa sababu tayari alikuwa anamfikiria Mhoja.

Mhoja alikuwa Msukuma aliyefungua kibanda cha nyama ya nguruwe pale Kiabakari, kando ya barabara ya Musoma, biashara zilipoanza kulegezwa. Alikuwa na mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa, kwa kaka yake. Alikwisha kumwambia Pelagia kwamba atampa mtamba mmoja kwa nguruwe wanne walionona, ila kwanza aonje nyama yake.

Tulimpelekea nguruwe mmoja wa kuonja wiki ya mwisho ya Desemba. Alichinja, akachoma, akatia kipande mdomoni. Akatafuna mara tatu, akasimama.

"Mama, huyu mlimtoa kwenye banda au kwenye nyavu?"

"Kwenye banda," Pelagia akasema. "Nguruwe wangu huyo."

"Nguruwe yako ni sangara yenye miguu. Onja."

Pelagia akaonja. Silasi akaonja. Mimi nikaonja, tukatazamana. Ilikuwa nyama nzuri kabisa.

"Mbona tamu," nikasema.

Wateja waliokuwa pale walikuwa watu wa bara, wa pamba na ng'ombe. Mmoja alikwisha sogeza sahani yake mbali na kufuta vidole kwenye suruali. Mhoja akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Ninyi watu wa ziwa mmekula samaki tangu mnaota meno. Harufu yake mtaijulia wapi? Mimi nikiwauzia hawa, kesho hawarudi. Mtamba wangu abaki kwanza."

Tulirudi Mugango. Kwa siku mbili nilizunguka uwanjani nikihesabu wiki zilizobaki hadi Jumatano ya Majivu. Zilikuwa saba. Nikiwa nawafukuza kuku wangu kwenye dagaa nilioanika, nikamkumbuka mdogo wangu aliyeolewa Kiabakari. Kila nilipompelekea mayai alikuwa akisema yananuka dagaa, na mimi nikidhani ni maringo ya kuolewa barabarani. Nikawatazama wale kuku. Kuku wa mdogo wangu walidonoa mtama. Wangu walidonoa dagaa kutwa nzima.

Nilikwenda kwa Pelagia bila hata kufunga mlango. "Si nguruwe," nikamwambia. "Ni ndoo zako."

Tulimtafuta Isidori, bwana mifugo wetu. Alitusikiliza mpaka mwisho akicheka, kisha akatueleza taratibu. Mafuta ya samaki anayeliwa na nguruwe, alisema, yanakwenda kukaa kwenye mafuta ya nguruwe mwenyewe.

"Mpeni samaki akiwa mdogo, anakua vizuri. Akikaribia kuchinjwa mwondoleeni. Mihogo, viazi, pumba, basi. Wiki sita mafuta yatakuwa yamebadilika."

"Na akionja samaki katikati?" nikauliza.

"Mama, ukianza kuuliza hivyo hatutamaliza leo. Asionje."

Kusema ni rahisi. Nguruwe wa Pelagia walijua saa ya mitumbwi kuliko wavuvi wenyewe. Asubuhi ya kwanza ndoo haikuja, na wale wanne waliochaguliwa wakavunja banda wakateremka mwaloni kwa mstari, kama watoto wanaokwenda shule. Tuliwafuata mbio.

"Mama Silasi," mvuvi mmoja akaita, "leo wateja wamekuja wenyewe."

Nilimkuta Pelagia ameshika kichwa cha sangara upande mmoja, nguruwe ameshika upande wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Watu waliacha kupima samaki wakawa wanashangilia, wengi wakiwa upande wa nguruwe.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikudhani ningelifanya. Nilikuwa na shamba la mihogo juu ya kilima, ambako upepo wa mwaloni haufiki. Nikamwambia Pelagia tujenge banda huko.

"Kwenye mihogo yako?" akauliza.

"Ndiyo. Lakini nitawalinda mwenyewe."

Wiki sita nilikaa pale na fimbo. Nilinusa mikono ya kila aliyekuja kuwalisha, Pelagia mwenyewe nikamnawisha. Walifukua mihogo mistari miwili, nikawaacha.

Wiki moja kabla ya Majivu tuliwapakia wote wanne kwenye lori. Mhoja akachinja mmoja, akachoma. Akatafuna. Mimi nilitazama koo lake tu. Akameza, akachukua kipande cha pili, akamwambia mkewe alete chumvi. Wateja wale wale wakaanza kunyoosha mikono.

"Nani amewafundisha?" Mhoja akauliza.

"Kuku wa mama Stani," Pelagia akasema.

Mtamba alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Silasi alimswaga mwenyewe hadi Nyasura. Sisi tulibaki tukapewa kipande cha ile nyama mpya, na Pelagia akaninong'oneza kwamba haina ladha, ni kama kutafuna kiazi. Nilikubaliana naye, lakini tulikula kwa heshima.

Ndoa ilifungwa Jumamosi kabla ya Majivu. Nyumbani Mugango tulipika sufuria mbili, moja ya nguruwe wa mihogo, nyama tuliyoinunua kwa Mhoja, kwa wageni wa bara, moja ya nguruwe wa sangara kwetu sisi. Nilisimama katikati na upawa kwa hofu ya kuchanganya. Mzee Wanzagi alileta sahani mara ya kwanza, akaleta ya pili. Ya tatu Pelagia alimpakulia mwenyewe.

"Mama Silasi," mzee akasema, "mimi sikusema sio tamu. Nilisema sio mali."

"Kula, mzee," Pelagia akamjibu. "Mali yako iko Nyasura inacheua."