Alasiri Raho Alipoitiwa Akina Mama Watukufu

Raho alikulia porini upande wa Ijara, nyuma ya mbuzi, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuimba. Akifungua kinywa, hata mbuzi humgeuzia mgongo. Hayo aliyasema mwenyewe, huku akicheka.

Lakini Alhamisi ile ya mwaka 1994, mjini Garissa, hakuwa na kicheko. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na tangu jana yake mtoto hakuwa amecheza tumboni. Wawili waliomtangulia walizaliwa wamekufa. Asubuhi muuguzi alisikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo unapiga, arudi kesho. Raho alirudi nyumbani na hofu yake.

Alasiri wanawake wa mtaani wakaja kumfanyia sitaad, zile nyimbo za kuwaita akina mama watukufu ili mjamzito apate baraka zao. Kwa desturi mwenye mimba huketishwa katikati. Raho akajibanza mlangoni.

"Eeddo, mimi maneno siyajui," alimwambia Saynab, eeddo yaani shangazi wa mumewe, ambaye ndiye aliyeongoza nyimbo. "Nitawaharibia."

"Nani amekuambia uimbe? Njoo ukae hapa kati."

Akakaa. Ubani ukafukizwa, akamiminiwa mafuta ya simsim utosini yakamshuka hadi shingoni. Kisha Saynab akaanza peke yake, kwa wimbo wa Mama Hawa.

Lo! Saynab huyu huyu anayegombana na wauza nyama mpaka kunguru wanaruka, sauti hii alikuwa ameificha wapi? Ilipanda taratibu, ikakwaruza kidogo, ikapanda tena. Wanawake thelathini wakamwitikia kwa pamoja na ngoma ikaingia chini yao. Raho alisisimka mwili mzima. Kwenye mashairi yale alishika majina tu, mengine yote yalimpita.

Wakafika kwa Mama Hajar. Hapo Saynab akawa anakatiza pumzi, na waitikiaji wakamfuata mbio, sauti zao zikienda upande huu wa chumba, zikirudi upande ule, zikienda tena. Raho akamwona waziwazi mama yule akikimbia huku na huku jangwani kutafuta maji, mtoto analia nyuma yake. Aliijua kiu. Hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Kwa Fatuma, binti Mtume, wote wakasimama isipokuwa yeye. Sauti zilijaa hadi mabati yakatetemeka. Raho akajisahau, akapiga makofi kwa nguvu, yote nje ya ngoma. Jirani yake Muslimo akabana kicheko. Raho akaona haya, akaituliza mikono juu ya tumbo.

Ngoma ikalia, na ndani yake kitu kikagonga.

Alidhani ni sakafu inayotikisika. Akangoja. Wanawake wakanyamaza kuvuta pumzi, ngoma nayo ikanyamaza. Katika kimya kile likaja teke la pili, kali, chini ya mbavu.

"Amecheza!" Raho alipiga ukelele. "Eeddo, amecheza!"

Saynab akapiga magoti, jasho linamtiririka, akaweka kiganja mahali pale. Alikaa hivyo mpaka naye akalisikia.

"Subhanallah," alisema. "Basi nani atakwenda nyumbani sasa?"

Akaanza upya, tangu kwa Mama Hawa. Safari hii Raho aliitikia kila ubeti kwa sauti ya juu kuliko wote, akikosea kila neno, na hakuna aliyemwambia anyamaze.