Radhi ya Muuaji

Mtafsiri wa sinema pale kibanda umiza, ukumbi wa video wa Bigwa, hana haraka ya kufungua mdomo. Kwanza hunywa funda la chai ya tangawizi, hufuta maikrofoni kwa pindo la shati, ndipo awe polisi, muuaji na mama wa muuaji kwa koo moja. Sauti ya mama humtoka puani, na ukumbi mzima humcheka. Sinema ni ileile kila Jumapili, mwaka wa tisa huu, na mwisho wake ukifika wote hunyamaza: muuaji hupiga magoti, akamwomba mama yake radhi. Juu ya radhi hiyo Hafidha, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameandika kurasa ishirini za utafiti wake. Juzi akaipata sinema hiyohiyo, isiyotafsiriwa. Muuaji anapiga magoti, hasemi kitu. Akamfuata mtafsiri kibandani.

"Shikamoo, baba. Yale maneno ya mwisho umeyatoa wapi? Jumatatu nawasilisha kazi."

"Marahaba. Nimeyatia mimi. Mtu anakwenda kufa, mama yake yuko mbele, halafu anakaa kimya? Hiyo siyo sinema, mwanangu, ni ukosefu wa adabu!"

Hafidha alicheka, ingawa zile kurasa ishirini zilikuwa zinamchoma. Kisha akafungua daftari. "Basi nitaandika kwamba ni yako. Jina lako nani?"

Mtafsiri akaifuta maikrofoni iliyokwisha takata. "Andika la mama yangu. Mimi nilichelewa kumwambia maneno hayo."

Akanywa funda, akakohoa, akaijaribu sauti ya polisi. Ikamtoka puani.