Mpangaji wa Ndani ya Ukuta

Simu ya dada mshonaji iliita akiwa anapiga pasi kola ya shati la mteja, kibandani kwake.

"Wifi, umekaa?"

"Sema tu, wifi yangu."

"Kaka yako ametutoka. Aliinama juu ya meza yake ya kazi, nikadhani anachungulia kitu. Daktari anasema ni moyo."

Alichomoa pasi, akaukunja waya wake taratibu. Kisha akaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, akasema, "Ee Mungu, mpokee." Machozi yalikataa kuja. Nje mvua ilikuwa ikinyesha.

Marehemu alikuwa fundi wa majiko na pasi za umeme. Mtaani walimwita Ampia, naye jina alilipenda. Kwa mikono ile yenye makovu ya lehemu alimsomesha mdogo wake huyu mshonaji mpaka kidato cha nne, na nyumbani kwake mtoto hakupakuliwa chakula kabla ya kujibu swali.

"Volti mia mbili thelathini, ampia tano. Ukinzani?"

"Nagawanya volti kwa ampia, baba. Omu arobaini na sita."

"Na nguvu?"

"Nazidisha. Wati elfu moja mia moja na hamsini. Na njaa yangu je?"

"Hiyo haina kipimo. Kula."

Lakini mvua za mwaka huu zilipoanza, Ampia alibadilika. Kila kitu nyumbani kikiwa kimezimwa, kisahani cha mita kiliendelea kuzunguka. Akichukua kipimio cha umeme, kinasoma sifuri. Akigeuza mgongo, kisahani kinazunguka tena. "Kuna mpangaji humu ukutani," alisema. "Hapigi hodi, hasalimii, ila umeme anakula." Mkewe alicheka, halafu akaacha kucheka alipomkuta ameegemeza sikio ukutani huku macho ameyafumba.

Mwili uliletwa nyumbani kwake ili uoshwe, na mdogo wake akawa amefika. Muoshaji, mzee aliyewaosha nusu ya wafu wa mtaa ule, aliingia bafuni na kushika bomba la maji. Akaruka nyuma.

"Ameniuma!"

"Nani, mzee?"

"Huyu marehemu! Hataki kuoshwa."

Kilio kilikatika ghafla. Baba mdogo alifuta jasho. "Si alisema mwenyewe? Kile kitu cha ukutani kilikuwa kinamwita. Azikwe hivyohivyo, tusishindane na mambo tusiyoyajua."

"Bila kuoshwa, baba?" mdogo mtu aliuliza. "Kama mtu aliyeokotwa barabarani?"

"Tuombe maji kwa jirani," wifi alisema.

"Maji si tatizo, mama," alijibu muoshaji. "Simgusi asiyetaka."

Mdogo mtu alikwenda kwenye meza ya kaka yake kuchukua kipimio cha kubana, kile kinachokumbatia waya bila kuukata. Alizima taa, akachomoa friji, akazima kila swichi isipokuwa ile kubwa, kisha akaubana waya unaotoka kwenye mita. Safari hii hakikusoma sifuri. Nusu ampia.

"Volti mia mbili thelathini," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifanana na ya kaka. "Gawanya kwa nusu. Omu mia nne sitini." Waya usiogusa kitu hauna hesabu kama hiyo, mkondo haupati pa kupita. Kwa hiyo mahali fulani waya ulikuwa umechubuka, ukuta umelowa mvua, na umeme unapita kwenye unyevu hadi kwenye bomba. Alizidisha: wati mia moja na kumi na tano.

Alipapasa ukuta wa korido, kiganja kwa kiganja. Baridi. Baridi. Kisha, karibu na mlango wa bafu, pale kaka alipokuwa akiweka sikio, joto. Halikuunguza, lilikuwa joto la mgongo wa mtu. Akakumbuka maneno ya Ampia: binadamu aliyetulia kimya hutoa joto kama taa ya wati mia. Nyuma yake kaka yake alikuwa amelala baridi chini ya shuka, na mbele yake ukuta ulikuwa na joto.

"Zima basi," wifi alisema kwa sauti ndogo.

Hakutaka. Mungu amsamehe, alisimama pale shavu likiwa ukutani, maana akizima, joto lile pia litaondoka. Hapo ndipo machozi yalipokuja.

Akazima swichi kubwa. Kipimio kikasoma sifuri. Aliingia bafuni peku, akalishika bomba kwa mikono miwili mbele ya macho ya wote.

"Haumi mtu, mzee. Njoo umwoshe kaka yangu."

Muoshaji akakunja mikono ya kanzu, akaingia. Baba mdogo alishika ndoo.

Marehemu alioshwa, akavishwa sanda nyeupe. Mchana mvua ilipungua. Wanaume walimbeba hadi makaburini, wanawake wakafuata nyuma. Sala ilisomwa. Mwanawe mkubwa alishuka kaburini kumpokea, akamlaza. Mdogo wake alitupa udongo mara moja, akasema, "Kwaheri, kaka." Walifukia, wakasawazisha tuta kwa koleo, wakarudi nyumbani.