Kiwele cha Maonyesho

Mjomba wangu alikuwa mkamuaji kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo alisimulia hadithi moja tu. Msikilizaji wake wa mwisho alikuwa ng'ombe tuliyemwita Bibi Harusi, mweupe, jicho moja limezungukwa na baka jeusi kama mtu aliyepaka wanja kwa haraka. Hakushusha maziwa mpaka asimuliwe. Mjomba alikaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, akaanza: ng'ombe mmoja alipotea, akawa anauliza njia ya nyumbani. Akamuuliza sungura, akamuuliza kobe, akamuuliza nungunungu. Ndoo ikijaa, hadithi inakatwa hapo hapo. Mwisho wake hakuna aliyewahi kuusikia, hata mimi aliyenilea.

"Akishafika nyumbani," alinijibu, "kesho nitakamua kwa hadithi gani?"

Sasa niseme kosa, maana lilikuwa lake na mwenyewe hakulikana. Kwenye maonyesho ya kilimo, majaji hutazama kiwele kwanza. Mjomba ndiye aliyemfundisha tajiri wake, mwenye ng'ombe, ujanja ule: asikamuliwe tangu mchana wa jana yake, aingie uwanjani saa tatu asubuhi kiwele kimetuna. Mwaka uliotangulia walirudi na utepe mwekundu wa ushindi, na mjomba alitembea mtaani wiki nzima kana kwamba amevalishwa yeye.

Safari hii mgeni rasmi alichelewa. Saa tatu ikapita, saa sita ikapita, kipaza sauti kikiomba radhi na kupiga muziki. Nilikuwa kando ya uzio, nikaona chuchu zikidondosha maziwa zenyewe kwenye maranda. Bibi Harusi alitanua miguu ya nyuma na kuguna. Mjomba alikipapasa kiwele, akakikuta kigumu, cha moto.

"Tajiri, nakuomba. Nimpunguze kidogo tu."

"Si wewe uliyesema tusimguse?"

"Nilisema mpaka saa tatu."

"Vumilia, mzee. Msafara umeshaingia mjini."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ndoo ilikuwa pale pale; angeinama akamkamua, liwalo na liwe. Hakuinama, aliogopa kibarua kuota nyasi. Namlaumu mpaka leo, ingawa kibarua hicho hicho ndicho kilichonisomesha.

Mgeni rasmi alifika saa tisa, akashika kiwele mbele ya wapiga picha, akasema huu ndio ufugaji wa kisasa. Utepe mwekundu tena. Watu walipotawanyika mjomba akaketi kwenye kigoda, akasimulia sungura, akasimulia kobe. Ng'ombe akampiga teke. Kilichotoka kilikuwa mabonge, na damu.

Siku ya tano daktari wa mifugo alisema nusu ya kiwele imekufa. Mjomba akaomba apewe yeye yule ng'ombe, hata kama hatatoa tone.

"Utamlaza wapi, mzee, na chumba chenyewe umepanga?" Tajiri hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata mjomba maini.

Lori la mchinjaji lilikuja asubuhi. Bibi Harusi aligoma kwenye ubao wa kupandia. Wakamsukuma, wakampinda mkia, wapi. Wakaokota fimbo.

"Anakusikia wewe tu," tajiri akamwambia mjomba. "Muongeleshe, wasimpige."

Mjomba akapanda ule ubao kinyumenyume, analia waziwazi, anasimulia. Sungura. Kobe. Nungunungu. Bibi Harusi akamfuata hatua kwa hatua mpaka ndani, masikio yamesimama. Mjomba akashuka, lango likafungwa, akabaki ameshika mbao za lori huku dereva akiwasha injini.

"Basi," alimwambia, "yule ng'ombe akafika nyumbani."