Tanuru Lililogeuzwa Kuelekea Ziwa

Mama mdogo wangu hukausha samaki aina ya mikebuka kwa moshi pale Lweba, kando ya ziwa, na Jumapili ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani. Kwa miaka mingi kazi hizo mbili zilikaa pamoja bila ugomvi. Kisha kifua kikaanza kumsaliti. Alianza wimbo vizuri, lakini akifika kwenye sehemu ndefu sauti ilikatika, akakohoa ndani ya kitenge, na jirani yetu anayeimba kando yake akammalizia. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akamwambia wazi:

"Mama, ukiendelea na ule moshi, kuimba utaacha. Kiisha hata kupumua itakuwa kazi."

"Na nikiacha moshi, batoto batakula nyimbo?"

Nilikuwa nikiishi kwake msimu ule. Tanuru lake lilifanana na matanuru ya wengine wote: kuta fupi za udongo, wavu wa chuma juu, samaki wamelazwa, moto chini. Mdomo wa moto ulielekea nyumba, ili aweze kusonga bugali huku akichunga samaki. Na kuni zilikuwa mbichi, kwa makusudi. Kwetu mnunuzi hutazama rangi kabla ya kunusa, na kuni mbichi humpa samaki ile kahawia iliyokolea.

Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Kuni zikiwa mbichi, moto hutumia nguvu zake kukausha maji yaliyomo, unabaki dhaifu, na sehemu ya kuni inapaa ikiwa vumbi jepesi. Vumbi kubwa hukwama puani, ukalitoa kwa chafya. Lile dogo usiloliona hushuka hadi ndani ya mapafu na kukaa huko. Macho yakiacha kuwasha, mtu hudhani kifua nacho kimezoea. Hakizoei.

Mama mdogo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama moshi wake siku nzima. Asubuhi upepo ulitoka milimani ukaenda ziwani. Jua lilipopanda, uligeuka, ukaja kutoka ziwani. Na huo ndio wakati ambao yeye huinama mbele ya moto, mgongo ukielekea nyumba. Ziwa lilimpulizia moshi usoni, kisha likauingiza jikoni walimolala wajukuu.

Alilibomoa tanuru lile. Akajenga jingine kupita nyumba ya mwisho, mahali ambapo nyuma yake kuna mihogo tu, mdomo ukielekea ziwa. Upepo ukawa unampiga mgongoni na kuupeleka moshi mbele. Kuni alizianika kichanjani mpaka zikalia zikigonganishwa. Juu ya samaki alifunika bati kuukuu, joto lisipotee.

Yule jirani alipita, akasimama.

"Ee mama! Huyu samaki unamukausha ao unamuogesha? Iko mweupe kama muntu ametoka hospitali!"

"Cheka tu, wee. Meno yako njo iko na rangi ya moshi muzuri."

Tulicheka wote, lakini mnunuzi kutoka mji wa Baraka hakucheka. Alimwinua samaki mmoja, akamrudisha.

"Mama, hii haijaiva."

Mama mdogo alimvunja yule samaki mgongo, akampa mnunuzi kipande. Mtu yule akatafuna, akatafuna tena.

"Imeiva. Lakini kule soko banaangalia. Habaonje."

Akaondoka mikono mitupu. Nilidhani kesho yake atarudi kwenye kuni mbichi. Badala yake, samaki walipokuwa wamekauka kabisa, alitupa konzi moja ya vipande vya kuni mbichi juu ya makaa, akafunika bati, akaenda kuosha mabeseni mbali. Moshi mdogo, wa muda mfupi, bila pua ya mtu karibu. Alipofunua, rangi ilikuwepo. Mnunuzi aliporudi alichukua kapu zima, akauliza kama kuna jingine.

Kifua hakikupona chote. Kilichokwisha kuingia humo hakitoki upesi, na hadi leo hukohoa siku za baridi. Lakini kikohozi kiliendelea kupungua, na Jumapili moja nilikuwa kwenye benchi la nyuma wimbo ulipokaribia ile sehemu ndefu. Jirani alikuwa amekwisha kufungua mdomo, tayari kumpokea kama kawaida. Mama mdogo, bila kumtazama, aliinua kiganja kumzuia. Akaenda peke yake hadi mwisho wa pumzi ile, na jirani akafunga mdomo, akitabasamu, akangoja zamu yake.